Namna ya Kutafuta, Kutambua Umri na Kutunza Katalogi za Kale za Matunguu ya Maua

Tulipu, narsisi na hiasinti huota kutokana na tunguu, yaani shina fupi la ardhini lililofunikwa kwa magamba mazito, kama yale anayoyaona kila siku mtu anayekata kitunguu jikoni. Krokasi haina magamba ya namna hiyo, lakini wafanyabiashara wa maua wameiweka katika kundi hilo hilo tangu zamani, nami nitawafuata. Kwa muda mrefu mtu wa Uingereza, Uholanzi au Marekani aliyetaka kujua tulipu mpya inafananaje alisubiri katalogi ya muuzaji wa matunguu iletwe na tarishi, akaisoma jioni baada ya jioni, akatia alama kwa penseli, kisha akatuma agizo lake.

Mwongozo huu ni kwa msomaji anayetaka kukusanya katalogi hizo, au kuzisoma tu kwa makini, hasa zile zilizochapishwa kati ya miaka ya 1870 na 1950. Ninauandika nikiwa na msimamo ambao ni vyema niutaje mapema: jalada la rangi ndilo linalomvuta mnunuzi, lakini thamani ya katalogi imo katika kurasa za ndani zenye wino mweusi, mahali palipoandikwa majina, bei na maelezo ya upandaji. Anayelinda jalada na kupuuza kurasa hizo amelinda ganda akatupa kiini.

Hatua ya kwanza: tafuta katika msimu ulio sahihi

Kosa linalowapoteza wengi wanaoanza ni kutafuta katalogi za majira ya kuchipua. Ni kweli kwamba maua haya huchanua kati ya Februari na Mei katika nchi za baridi, lakini matunguu yake hupandwa kati ya Septemba na Novemba, kwa kuwa ni lazima yapitiwe na baridi ya ardhini kwa wiki nyingi kabla ya kutoa ua. Kwa hiyo muuzaji alichapa katalogi yake ya matunguu wakati wa kiangazi, akaituma karibu na Agosti au Septemba, na jaladani akaandika jina la majira ya kupukutika kwa majani. Katalogi ya majira ya kuchipua ya kampuni hiyo hiyo ilihusu mbegu za mboga na maua ya kiangazi, pamoja na gladiola na dalia. Mtu anaweza kupekua masanduku mazima ya katalogi za masika ya Ulaya bila kukuta hata hiasinti moja, akadhani kwamba kampuni ile haikuuza matunguu.

Unapotafuta kwenye intaneti, andika neno la Kiingereza bulbs pamoja na autumn kwa katalogi za Uingereza, na bulbs pamoja na fall kwa zile za Marekani. Kwa Kiholanzi andika bloembollen, na kwa Kijerumani Blumenzwiebeln. Kisha ongeza majina ya kampuni. Kwa Uholanzi, anza na E. H. Krelage & Zoon ya Haarlem, iliyoanzishwa mwaka 1811, halafu C. G. van Tubergen ya mji huo huo na Ant. Roozen & Zoon ya Overveen. Kwa Uingereza, tafuta Barr & Sons ya London, ambayo mwanzilishi wake, Peter Barr, aliitwa mfalme wa narsisi, na Sutton & Sons ya Reading. Kwa Marekani kuna J. M. Thorburn na Peter Henderson za New York, James Vick wa Rochester, John Lewis Childs wa Floral Park, na W. Atlee Burpee wa Philadelphia.

Kabla hujatoa fedha yoyote, soma bure. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Marekani, iliyoko Beltsville katika jimbo la Maryland, ina mkusanyo unaoitwa Henry G. Gilbert, wenye katalogi zaidi ya 200,000 za mbegu na miche, na sehemu yake kubwa imeskaniwa na kuwekwa wazi kupitia Biodiversity Heritage Library na Internet Archive. Chuo Kikuu cha Cornell nacho kina mkusanyo mkubwa wenye jina la Ethel Zoe Bailey, na mjini London iko Maktaba ya Lindley ya chama cha kilimo cha bustani cha Royal Horticultural Society. Ninashauri usome walau katalogi ishirini kwa njia hii, tena za kampuni moja kwa miaka inayofuatana ikiwezekana. Jicho hujifunza haraka, na baada ya hapo hutadanganyika kirahisi sokoni.

Hatua ya pili: tambua picha ilivyochapwa

Nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi, aina wanayotumia masonara. Ni chombo cha bei nafuu, na bila hicho hatua hii haiwezekani.

Weka kioo juu ya petali la ua lililochapwa kwa rangi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka kama matundu ya wavu, hiyo ni picha iliyopitishwa kwenye skrini ya uchapaji, mbinu iliyoenea katika katalogi kuanzia miaka ya 1890 na kuendelea. Ukiona vitone visivyo na mpangilio, vingine vikubwa na vingine vidogo, vikiwa vimelaliana katika tabaka za rangi nzito, hiyo ni chapa ya mawe ya rangi nyingi. Katika mbinu hiyo, ambayo Godefroy Engelmann aliipatia hataza nchini Ufaransa mwaka 1837, kila rangi ilichorwa kwenye jiwe lake, na karatasi moja ikapitishwa juu ya jiwe moja baada ya jingine. Tazama hasa ukingo wa petali. Kama jiwe moja lilisogea kidogo wakati wa kuchapa, utaona mstari mwembamba wa waridi au wa manjano umetoka nje ya umbo, kama kivuli. Kwangu mimi ukingo huo uliokosea ni miongoni mwa vitu vinavyopendeza zaidi katika karatasi hizi, kwa sababu ndipo mkono wa mchapaji unapoonekana.

Rangi iliyopakwa kwa mkono ni tofauti na zote mbili: haina vitone kabisa, hutiririka kama maji, na mara nyingi huvuka mstari mweusi uliochongwa. Ukikutana nayo, huenda umeshika kitu cha kabla ya miaka ya 1870. Vitabu viwili vinavyohesabiwa kuwa mababu wa katalogi hizi vilikuwa vya michongo ya shaba. Cha kwanza ni Florilegium cha Emanuel Sweerts, kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1612 na mfanyabiashara aliyeuza matunguu yake katika maonyesho ya mji huo. Cha pili ni picha kumi na mbili za Robert Furber wa Kensington, za mwaka 1730, moja kwa kila mwezi, ambapo kila ua lilipewa namba ili mteja ajue la kuagiza. Asili za vitabu hivyo ziko katika maktaba kubwa na makusanyo ya matajiri. Nakala zilizochapwa upya katika karne ya 20 ni nyingi mno, na kioo cha kukuzia huzifichua papo hapo kwa wavu wake wa vitone.

Hatua ya tatu: tafuta umri wa katalogi isiyo na tarehe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji subira. Katalogi nyingi hutufikia bila jalada, au jalada lake linataja majira bila kutaja mwaka. Usikubali tarehe aliyoandika muuzaji kwa kukisia. Kusanya ushahidi wa aina mbili: ule wa mimea na ule wa posta na serikali.

Mimea hukupa mwaka ambao katalogi haiwezi kuutangulia. Kila aina ya tulipu, narsisi au hiasinti ilianza kuuzwa mwaka fulani, na kumbukumbu hizo zipo: chama cha wakulima wa matunguu cha Uholanzi, KAVB, ndicho kinachotunza daftari la kimataifa la tulipu na hiasinti, na Royal Horticultural Society hutunza la narsisi. Kundi la tulipu lililoitwa Darwin ni mfano mzuri. Kampuni ya Krelage ilinunua mkusanyo wa tulipu za zamani kutoka Lille, ikachagua zilizo ndefu na imara, ikazionyesha Paris katika maonyesho ya dunia ya 1889 kwa jina la mwanasayansi Charles Darwin. Kwa hiyo katalogi inayotaja tulipu za Darwin ni ya 1889 au baadaye. Narsisi ya manjano iitwayo King Alfred ilionyeshwa mwaka 1899. Tulipu ya zambarau nzito iitwayo Queen of Night ni ya miaka ya 1940. Kwa upande mwingine, aina za kale sana hazisaidii kitu: tulipu Keizerskroon, yenye petali nyekundu zilizopakana na manjano, iliuzwa tangu mwaka 1750 na bado inauzwa leo.

Majina ya makundi nayo yana umri. Ukikuta tulipu zimegawanywa katika Darwin na Cottage kama makundi mawili mbalimbali, unasoma mpangilio wa kabla ya mageuzi ya 1981, ambayo yaliyaunganisha kuwa kundi moja la tulipu zinazochelewa kuchanua. Jihadhari na King Alfred: jina hilo lilipendwa mno hata wauzaji wakalitumia kwa narsisi yoyote kubwa ya manjano, kwa hiyo linakupa mwanzo wa kipindi tu, wala si mwisho wake.

Ushahidi wa posta na serikali ndio mara nyingi unaofunga upande wa pili. Katika katalogi za Marekani, maelezo ya kutuma vifurushi kwa huduma ya parcel post yanaonyesha kwamba ni ya 1913 au baadaye, kwa kuwa huduma hiyo ilianza tarehe 1 Januari mwaka huo. Namba moja au mbili baada ya jina la jiji, kwa mfano New York 7, zilianza mwaka 1943, na zile namba tano za posta zilianza Julai 1963. Muhimu kuliko zote ni zuio la karantini: kuanzia Januari 1926 serikali ya Marekani ilizuia uingizaji wa narsisi kwa ajili ya biashara ya kawaida, kwa kuhofia nzi na minyoo wanaoharibu matunguu, na zuio hilo lilidumu takriban miaka kumi. Katika katalogi za miaka hiyo muuzaji hujisifu kwamba narsisi zake zimekuzwa Marekani kwenyewe. Na baada ya Ujerumani kuivamia Uholanzi Mei 1940, ukurasa unaosema kwamba mwaka huu hakuna matunguu ya Kiholanzi hujieleza wenyewe. Kwa Uingereza, angalia herufi za eneo la London zinazofuatwa na namba, kama W.C.2, ambazo zilianza mwaka 1917, na bei za shilingi na peni, ambazo zilikoma Februari 1971.

Nitoe mfano wa katalogi moja iliyo mezani kwangu. Nilipoipata haikuwa na jalada la mbele wala la nyuma, na ukurasa wa kwanza uliobaki ni wa tano. Muuzaji aliandika kwamba ni ya miaka ya 1890. Bei zake ni za dola na senti. Katika orodha ya tulipu zimo za Darwin, kwa hiyo ilivuka 1889. Katika narsisi yumo King Alfred, tena akiuzwa mmoja mmoja kwa bei inayowapita wenzake wote mbali, jambo linaloonyesha kwamba bado alikuwa adimu. Hapo tukavuka 1899, na ule muongo wa muuzaji ukaanguka. Ukurasa wa mwisho una masharti ya kutuma kwa parcel post, kwa hiyo tumefika 1913. Na juu ya orodha nzima ya narsisi yameandikwa maneno yanayosema kwamba zimetoka moja kwa moja Uholanzi, maneno ambayo yasingeandikwa katika katalogi ya Marekani ya miaka ya zuio lililoanza 1926, na zuio lilipoisha King Alfred hakuwa adimu tena. Hivyo basi ni katalogi ya kati ya 1913 na 1925. Jina la kampuni bado silijui, na bado naitafuta katika makusanyo yaliyoskaniwa, nikilinganisha umbo la herufi na mpangilio wa kurasa.

Hatua ya nne: usiamini picha peke yake

Picha nyingi za wino mweusi zilizomo katika katalogi za Marekani za mwisho wa karne ya 19 hazikuchorwa kwa ajili ya kampuni iliyozichapa. Wachongaji walitengeneza nakala za chuma za michongo ya mbao na kuziuza kwa yeyote aliyetaka. Jina la A. Blanc wa Philadelphia huonekana chini ya picha katika katalogi za kampuni mbalimbali. Kwa hiyo kukuta hiasinti ile ile katika katalogi mbili si ushahidi kwamba zinatoka kwa mchapaji mmoja.

Isitoshe, mchoraji aliajiriwa ili kuuza. Petali zimejazwa, mashina yamenyooshwa, na hiasinti yenye maua arobaini imepewa themanini. Rangi ya buluu ndiyo inayotia shaka zaidi, kwa sababu wino wa wakati ule haukuweza kufuata buluu halisi ya hiasinti, na mchapaji mara nyingi alichagua moja iliyo kali zaidi. Soma maneno yaliyo pembeni: urefu wa shina kwa inchi, wakati wa kuchanua, kama ua lina tabaka moja au mbili za petali, na bei kwa tunguu moja, kwa dazeni na kwa mia. Bei ni shahidi mwaminifu. Aina inayouzwa kwa mia ni ya kujaza vitalu vya bustani za umma, na ile isiyo na bei ya mia ni mpya au ngumu kuzalisha.

Kuna jambo moja ambalo picha za zamani hulionyesha kwa ukweli ingawa wachoraji wenyewe hawakulijua chanzo chake. Tulipu zenye michirizi ya rangi kama miali ya moto, zile zilizowatia watu wazimu Uholanzi hadi soko likaporomoka Februari 1637, na ambazo baadaye ziliuzwa katika kundi la Rembrandt, zilikuwa na virusi. Dorothy Cayley alionyesha mwaka 1928, nchini Uingereza, kwamba michirizi hiyo huambukizwa kutoka tunguu moja hadi jingine, na vidukari ndio wanaoieneza. Ukisoma katalogi ya kabla ya hapo, utaona ugonjwa umesifiwa kama uzuri. Anayetaka kuona baadhi ya aina za kale zikiwa hai bado anaweza kwenda Hortus Bulborum huko Limmen, Uholanzi, ambako maelfu ya aina za matunguu zilizotoka sokoni hupandwa kila mwaka.

Hatua ya tano: kagua kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji akuhesabie kurasa, tena kwa namba, na akupigie picha ya ukurasa wa katikati mahali pini zinaposhika. Picha za rangi kwa kawaida hazikupewa namba, kwa hiyo mfululizo wa namba unaweza kuwa kamili ilhali picha zimeng'olewa. Tafuta kishina chembamba cha karatasi karibu na mkunjo: hapo ndipo wembe ulipopita. Biashara ya kukata picha na kuziuza zikiwa kwenye fremu imeharibu katalogi nyingi kuliko mchwa na mvua, na inaniuma kila ninapoiona. Usinunue picha iliyokatwa, hata ikiwa nzuri, kwa sababu kila inayonunuliwa humtia muuzaji hamu ya kukata nyingine. Karatasi ya kuagizia na bahasha yake vikiwa bado ndani, hiyo ni bahati kubwa, maana vilikusudiwa kuondolewa.

Hatua ya sita: hifadhi

Karatasi iliyotengenezwa kwa massa ya mbao, iliyotawala katika nusu ya pili ya karne ya 19, ina asidi inayoila yenyewe, ikawa ya manjano kisha ikavunjika kama kaki. Huwezi kuizuia kabisa, lakini unaweza kuichelewesha. Weka kila katalogi ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, au mfuko wa plastiki ya poliesta ulio wazi upande mmoja. Epuka plastiki laini ya PVC, ambayo hutoa kemikali na kushika wino. Ilaze, usiisimamishe. Usiipake gundi, usiitie selotepu, na kamwe usiifanyie laminesheni. Pini za chuma zilizoshika kutu zinaweza kuondolewa taratibu kwa kunyoosha miguu yake upande wa ndani, na mahali pake ukapitisha uzi wa pamba katika matundu yale yale.

Unyevu ni adui mkubwa zaidi. Kiwango kinachofaa ni kati ya asilimia 30 na 50, nacho hakipatikani kirahisi kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat. Kwa wasomaji wa pwani ninashauri kasha la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, pakiti za chembe za silika ndani yake, na kipimo kidogo cha unyevu ili ujue wakati wa kuzikausha pakiti hizo. Kasha likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, na lifunguliwe kila mwezi.

Hatua ya saba: piga nakala na uandike kumbukumbu

Skani kwa doti 400 kwa inchi, na kwa picha za chapa ya mawe panda hadi 600. Kama mgongo wa katalogi ni dhaifu, usiubane kwenye skana. Piga picha kutoka juu kwa simu, karibu na dirisha lenye mwanga mpole, bila flashi. Lipe kila faili jina linaloanza na kampuni, kisha mwaka, kisha namba ya ukurasa. Katalogi zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita hazina tena hakimiliki huko, kwa hiyo unaweza kuzitoa kwa wengine bila kizuizi.

Alama za penseli zilizoachwa na wenye katalogi wa zamani usizifute. Katika ile yangu isiyo na jalada, mtu alitia misalaba mitatu kando ya hiasinti, akaandika hesabu ya gharama pembeni, kisha akaikata na kupunguza msalaba mmoja. Nimeiskani ukurasa huo kwa doti 600, na kwenye folda nimeandika kwa penseli laini: Marekani, 1913 hadi 1925, kampuni haijatambuliwa, kurasa 5 hadi 48, ushahidi wa tarehe uko ukurasa wa 17, wa 22 na wa 48.